Tukifumba Macho

Darasani hufundishwa kwamba mshairi mzuri hujenga taswira akilini mwa msomaji. Sisi ndugu wawili tumeisoma dhana hiyo, tumeifanyia mtihani na tumefaulu, bila kuiona taswira hata moja. Tukifumba macho ni kiza tupu. Tukiambiwa tulifikirie embe, tunajua rangi yake na utamu wake, ila embe lenyewe haliji.

Hali hii huitwa afantasia. Mwingereza Francis Galton aliandika juu ya watu wa namna yetu mwaka 1880, baada ya kuwauliza wanavyoikumbuka meza yao ya kifunguakinywa. Jina lilikuja 2015, kutoka kwa Profesa Adam Zeman wa Exeter na wenzake. Si ugonjwa.

Miaka yote tulidhani "macho ya moyo" ni pambo la lugha tu, na Waswahili hatuna uhaba wa mapambo. Ilituuma tulipofiwa na nyanya yetu Mombasa. Hapa Kenton, mama alituambia, "Fumbeni macho wanangu, mtamwona." Yeye humwona. Sisi tulibaki na picha za simuni.

Tukajaribu kujifunza. Kila usiku tulikitazama kikombe kwa dakika moja, tukafumba macho, tukaelezana kwa sauti. Wiki sita! Mmoja wetu alidai ameona weupe. Mwenziwe akamwambia hizo ni taa za Kenton Road. Wapo wanaosema mazoezi yamewafaa, nasi hatuwabishii.

Kilichotufaa sisi ni utafiti wa mwaka 2021, ambao baadhi ya waandishi wake walitoka Chuo Kikuu cha Westminster, chenye kampasi jirani yetu, Northwick Park. Watu walioneshwa picha za vyumba, kisha wakavichora kwa kumbukumbu. Wenye afantasia walichora vitu vichache na rangi kidogo, lakini mahali pa kila kitu walipapatia, na makosa yao ya kuongeza visivyokuwepo yalikuwa machache kuliko ya wenzao.

Basi tukaichora nyumba ya nyanya, Mji wa Kale, kila mtu peke yake. Uso wake hatukuthubutu. Lakini ukumbi, ngazi, mbuzi ya kukunia nazi nyuma ya mlango wa jikoni, kiti alichokalia alasiri akichagua mchele: karatasi zetu mbili zililingana. Mama alizitazama kimya, halafu akasema tumesahau mtungi. Akauchora mwenyewe kulia mwa ngazi. Tukamwambia, "La, mama, ulikuwa kushoto." Akampigia mjomba simu.

Ulikuwa kushoto.