Masurufu ya Njiani

Safari hula fedha kwa vinywa viwili, nauli na chakula. Nauli haina shauri, mtu hulipa kama ilivyopangwa. Bali chakula kila msafiri hujipangia mwenyewe, na hapo ndipo wengi hupoteza fedha yao pasipo kujua. Twapenda kuwaeleza wasomaji jinsi tulivyokula katika safari yetu ya kutoka Tanga kwenda Moshi, mwezi wa Julai mwaka 2024, maana huenda ikamfaa mwingine mwenye mfuko mdogo na mgonjwa wa kuangaliwa.

Tulikuwa watu watatu, sisi ndugu wawili na mama yetu mzazi. Mama ana ugonjwa wa sukari tangu miaka mingi, na macho yake yalikuwa yameanza kuona ukungu. Basi tukaandikiwa barua ya kumpeleka hospitali ya KCMC, ambayo tangu ilipofunguliwa mwaka 1971 hupokea wagonjwa wa pande zote za kaskazini. Ukoo ulichanga kila mtu kadiri alivyoweza. Tulipokwisha kutenga nauli ya kwenda na kurudi zilisalia Sh. 150,000, nazo zilikuwa za daktari na dawa. Kila shilingi ambayo tungeila njiani ingepungua katika macho ya mama. Tukapatana ya kwamba chakula chote kisizidi Sh. 30,000.

Lakini haikuwezekana kusema, "Tufunge mkaja hata tufike." Mgonjwa wa sukari aliyekwisha kutumia dawa yake, kisha akakaa na njaa, huweza kutetemeka, kutoka jasho jembamba, hata kuzimia. Wala haikufaa kumpa biskuti na soda kila basi linaposimama, kwani hizo humpandishia sukari upesi. Ilikuwa lazima ale kwa saa zake, tena ale chakula chenye nguvu ya kudumu.

Kwa hiyo usiku wa kuamkia safari tulikesha jikoni. Sisi watu wa Tanga twapenda mno wali wa nazi, walakini wali huo hauna urafiki na safari. Nazi huchacha kwa joto, na kabla ya adhuhuri harufu yake imekwisha kugeuka. Tulipika chapati za unga usiokobolewa, tukazitandaza juu ya ungo mpaka zikapoa kabisa. Hili ni jambo ambalo wengi hawaliangalii. Chakula kikifungwa kingali cha moto hutoa jasho ndani ya chombo, na jasho hilo ndilo hukiharibu. Tulichemsha mayai kumi tukayaacha na maganda yake, maana yai lililomenywa halikai. Viazi vitamu vilichemshwa na maganda vilevile. Karanga tulizikaanga bila chumvi nyingi, ili tusisumbuliwe na kiu. Maji tuliyachemsha, tukayajaza katika chupa mbili kubwa, na mama akatia kipande cha sukari guru katika pindo la kanga yake, kwa ajili ya hatari tu. Gharama ya yote ilikuwa Sh. 9,000. Nazi sita za mnazi wetu tulizifunga mbali, tutasema baadaye ni za nini.

Muheza tulinunua machungwa ya Sh. 2,000 kwa dirisha la basi. Julai ni wakati wake, nayo ni mazuri kuliko yoyote tujuayo (msomaji wa Tanga atatuunga mkono, wa kwingineko atatusamehe). Chungwa ni chakula cha msafiri hasa: limejifunga lenyewe, na ukilimenya kwa mikono safi hulihitaji maji ya mtu. Mama alikula moja zima, nyama na yote, wala hakunywa maji ya machungwa yaliyokamuliwa, kwani hayo huingiza sukari nyingi kwa mara moja.

Mbele ya Korogwe basi likasimama penye hoteli ya njiani. Sahani moja ya wali na kuku ilikuwa Sh. 8,000, na soda Sh. 1,000. Kwa watu watatu ni Sh. 27,000! Abiria karibu wote wakaingia. Sisi tukakaa chini ya mti, na hapo tukaona jambo ambalo hatukulitazamia, yaani haya. Ni vigumu kufungua furushi mbele ya watu waliovaa vizuri wakibeba sahani zao. Mmoja wetu akanong'ona kwamba heri tungoje basi liondoke, tule kwa siri. Mama akafungua kitambaa mwenyewe.

"Wanangu," akasema, "saa yangu ya kula imefika. Mnaona haya kwa chakula mlichokipika ninyi?"

Akamenya yai. Bibi mmoja aliyekuwa kiti cha nyuma yetu akaja akaketi karibu, naye akatoa mihogo yake ya kuchoma katika mkoba. Kumbe alikuwa akiona haya kama sisi! Tukagawana mihogo na karanga, tukala tukashiba kabla wale wa ndani hawajaletewa sahani zao. Na honi ilipolia wengine walitoka wameacha nusu ya wali mezani.

Mombo ni mahali pa kununua, kwa sababu mazao ya milima ya Usambara hushukia hapo. Reli iliyoanzwa Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911, na ingawa sasa watu wengi hupanda mabasi, desturi ya kuuza chakula mahali chombo kinaposimama haikukoma. Tulitwaa karoti za Sh. 1,000, tukazikwaruza kwa kisu na kuziosha kwa maji yetu. Kutoka hapo hata Same na Mwanga hatukununua kitu.

Moshi tulilala kwa mjomba. Zile nazi sita zilikuwa zake. Mnazi haumei katika baridi ya mlimani, basi nazi ya mtini huko ni zawadi, na mgeni aliyeleta kitu huketi mezani kwa raha. Chai ya asubuhi na chakula cha jioni tulikula kwake. Mchana tulimwendea mama lishe mmoja karibu na hospitali, aliyepika mtori wa ndizi na nyama, bakuli Sh. 1,500. Tulimchagua kwa sababu sufuria yake ilikuwa ikitokota juu ya moto saa zote, na madereva walipanga foleni kwake. Chakula kinachokwisha upesi hakilali.

Tulidhani tutamaliza siku ya tatu. Daktari alipokwisha kutazama akasema jicho la kulia lahitaji kutibiwa kwa mwanga wa leza, turudi kesho yake, na kwamba tungechelewa zaidi lingekuwa gumu kuokolewa. Usiku ule tukahesabu fedha juu ya kitanda cha mjomba, mara mbili. Ilitosha, ikazidi kidogo. Siku ya nne mama alitibiwa asubuhi, na mchana tukarudi kwa yule mama lishe, bakuli tatu kama kawaida. Jumla ya chakula chote, tangu chapati za Tanga hata mtori ule wa mwisho, ilikuwa Sh. 25,500.