Mbega wa Mbizi

Mtoto wa Katandala, mjini Sumbawanga, huinua macho akaiona milima ya Mbizi, na vijito vitokavyo huko huunywesha mji wake. Walakini yumkini akakua hata akaoa asimwone mbega mwekundu akaaye katika msitu ule.

Mbega huyu hana gumba la kushikia. Mkono wake ni kulabu ya vidole vinne. Hula majani, na tumbo lake lina vyumba kama la ng'ombe. Ufipa ni nchi ya nyasi zaidi kuliko miti, kwa hiyo Mbizi kwake ni kisiwa: miti ikiisha hana pwani nyingine ya kukimbilia.

Wazee wa Ufipa walichoma makaa mengi kwa ajili ya malungu, tanuru zao ndefu za kuyeyushia chuma. Tena wao hao walifukia nyasi mbichi katika matuta ya ntumba, zioze zilishe udongo. Si haki kuwaita waharibifu, wala watakatifu. Mama aendaye kutafuta kuni leo naye si adui wa mbega. Ana chungu cha kuchemsha. Kumkataza bila kumpa miche ya kupanda karibu na nyumba ni kumwamuru alale njaa, naye hatatii.

Mwalimu aandikaye mbega ubaoni amefundisha herufi tano. Awapelekaye watoto ukingoni mwa msitu, wakanyamaza mpaka matawi yatikisike, huulizwa njia nzima ya kurudi: gumba limekwenda wapi? Je, haanguki? Jioni maswali hayo huulizwa tena jikoni, mbele ya mama na kuni zake.