Alele, si Alalile

Bibi yangu alipofariki, nilitunga utenzi mfupi wa kumlilia. Nilikuwa kijana wa Wete niliyelewa tendi za Lamu na Pate, nami nikataka maombolezo yangu yavae joho la Kiswahili cha kale. Kipande kimoja nikakiandika hivi:

*Mwanandani alalile*

Mizani 8 zilitimia, kina cha *le* kikakaa. Nikaupeleka kwa maalimu mmoja mjuzi wa tungo. Alipofika hapo akavua miwani.

“Mwanangu, neno hili hakuna aliyepata kulisema.”

Nilijitetea kwa kanuni. Kiambishi *-ile* huonyesha tendo lililokwisha, hali yake ikabaki: *kufa* hutoa *afile*, yaani amekufa. Kwa nini basi *kulala* isitoe *alalile*?

Akanieleza kwa upole. Vipo vitenzi ambavyo *-ile* haigandi mwishoni mwake. Ile *i* hupenya ndani ya shina, ikakutana na *a*, zikazaa *e*, kama *ma-* na *ino* zilivyozaa *meno*. Ndiyo maana *lala* hutoa *alele*, *simama* hutoa *asimeme*, *pata* hutoa *apete*. *Ona* nayo hutoa *awene*, umbo ambalo mgeni hawezi kulibahatisha.

“Hivi havikokotolewi kama hesabu,” alisema. “Hurithiwa. Nawe umemvisha bibi yako nguo isiyokuwa ya mtu.”

Nilirudi nyumbani nimeinamisha kichwa. Jambo lililoniuma halikuwa sarufi. Nilikuwa nimemzika bibi kwa neno la kubuni, mtu aliyenifundisha kusema. Yeye mwenyewe hakusema *alele* maishani mwake. Kwetu Pemba tulimsikia akisema *kalala*, basi.

Kina hakikunisumbua, kwa kuwa *alele* nayo huishia kwa *le*. Mizani ndizo zilizopungua: *Mwanandani alele* ni 7. Siku kadhaa nilitafuta silabi moja katika vitabu, nisiipate. Kisha jioni moja nikakumbuka alivyokuwa akisimama mlangoni magharibi inapoingia, akiniulizia kwa majirani: “Yu wapi huyu mtoto?”

Nikachukua kalamu:

*Yu mwanandani, alele*

Mizani 8. *Alele* niliiazima kwa malenga wa Lamu, lakini *yu* ni yake bibi. Tangu siku hiyo silitii neno la kale katika utungo kabla sijalisikia katika tungo za wenyewe.