Kasoro ya Kiungo

Kamba hukatikia pabovu. Methali hii huijua kila mtu aliyewahi kuvuta ndoo kisimani au kufunga mzigo juu ya lori, lakini ni wachache wanaoikumbuka pindi chombo kipya kilichonunuliwa kwa fedha nyingi kinapoonekana hakina maana. Hapo watu huwa wepesi kumlaumu mwenye duka, au mtoto aliyekitaka, kabla ya kuipapasa kamba yenyewe tangu mwanzo hadi mwisho.

Ndivyo ilivyotokea katika nyumba ya sajini mmoja, dereva wa malori ya jeshi, katika kambi moja mashariki mwa Uganda. Sajini huyo alikuwa amerudi kutoka zamu yake ya pili ya kulinda amani nchini Somalia, ambako majeshi ya Uganda yalianza kupelekwa mwaka 2007. Alipoondoka safari ya kwanza, mwanawe mkubwa alikuwa mvulana wa kukimbiza mpira uwanjani. Aliporudi safari hii alimkuta kijana mwenye sauti nzito, mwanafunzi wa chuo cha ufundi. Baba na mwana walisalimiana kwa heshima, wakala meza moja, na baada ya hapo hawakuwa na la kuambiana.

Kitu kimoja tu kiliwakutanisha. Kijana alikuwa na kompyuta ya mapajani, ile ambayo vijana huiita laptopu, ya aina inayotengenezwa kwa ajili ya michezo. Aliinunua ikiwa imekwisha kutumika, apate kuchorea mitambo ya masomo yake. Na jioni, kazi ikiisha, alicheza mchezo wa mbio za magari. Baba alizoea kuvuta kiti na kuketi nyuma yake kimya. Lakini udereva haufichiki. Siku moja alisema, "Punguza mwendo kabla ya kona, mwanangu, si ndani ya kona." Kijana akafanya hivyo, akashinda. Tangu siku ile kile kiti hakikuondolewa tena.

Basi baba akaona anunue kioo kikubwa cha kuunganisha na kompyuta ile, ili wote wawili waone vizuri. Fedha alizitoa katika akiba ya mabati ya nyumba wanayojenga kijijini, na mama alikubali kwa shingo upande. Muuzaji alimwonyesha namba kwenye boksi: 144. Akamweleza kwamba kioo cha kawaida hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde, na hiki mara 144, kwa hiyo magari yatateleza kama maji.

Kioo kilifika, kikaunganishwa kwa waya wa HDMI uliokuwa ukitumika kwenye televisheni. Picha ikatokea, kubwa na safi. Lakini gari lilipokata kona, miti ya kando ya barabara iliruka-ruka vile vile kama zamani. Kijana alifungua mipangilio ya kompyuta, akanyamaza. Namba iliyoandikwa pale ilikuwa 60.

"Nimelipia mia moja arobaini na nne, nikapewa sitini?" baba aliuliza.

Kijana aliona haya, akataka kuiondoa aibu ile peke yake. Kwa fedha yake ya matumizi alinunua adapta ndogo ya kutoka tundu la HDMI la kompyuta kwenda tundu jingine la kioo, liitwalo DisplayPort. Akaijaribu usiku, kioo kikawa cheusi kabisa. Akaificha adapta chini ya nguo zake. Mama alipoiona wakati wa kufua, na baba alipoisikia habari hiyo, mashaka yalizaliwa: labda kijana amekwisha kukiharibu kioo, na sasa anaficha. Baba akatangaza kwamba Jumamosi kioo kitarudishwa dukani na fedha zitarudi kwenye mabati. Jioni ile hakuvuta kiti.

Mama ndiye aliyemwita jirani yao, koplo wa kikosi cha mawasiliano. Koplo alipiga saluti, akaketi alipokaribishwa, akasikiliza pande zote mbili. Kisha akasema, "Afande, simu ya uwanjani ikinyamaza, sisi hatuanzi kwa kumkamata opereta. Tunaufuata waya."

Akaanza kuufuata. Kwanza aliwakumbusha kwamba namba ile huhesabiwa kwa hezi, kipimo kilichopewa jina la Heinrich Hertz, mwanasayansi wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1894, yule yule aliyethibitisha kuwapo kwa mawimbi ya redio. Kioo cha hezi 60 hukaa na picha moja kwa karibu milisekunde 17 kabla ya kupokea nyingine. Cha hezi 144 hukaa nayo kwa karibu milisekunde 7. Lakini picha hizo hazizaliwi ndani ya kioo. Hutengenezwa na chipu ya picha ndani ya kompyuta, zikatoka kwa tundu, zikapita katika waya, zikaingia kwa tundu la kioo, na zote hutii amri ya mipangilio. Kiungo kimoja kikiwa chembamba, vyote hufuata wembamba wake.

Jambo la kwanza alilolitazama ni umeme. Kompyuta ilikuwa ikitumia betri, na kompyuta za michezo hupunguza nguvu zake zinapokosa chaja. Chaja ikachomekwa.

La pili lilikuwa namna ya kuonyesha picha. Kompyuta ilikuwa imeamriwa kuonyesha picha ile ile kwenye vioo vyote viwili kwa pamoja, na kioo chake yenyewe ni cha hezi 60. Katika hali hiyo mara nyingi kioo chenye kasi hulazimika kwenda kwa mwendo wa mwenzake, kama msafara wa malori unavyokwenda kwa mwendo wa lori lililo zito kuliko yote. Koplo akaamuru picha itoke kwenye kioo kikubwa peke yake.

La tatu lilikuwa mipangilio yenyewe. Kioo chenye kasi kinapounganishwa, mara nyingi Windows huanza kukiendesha kwa hezi 60 mpaka mwenyewe achague vingine. Koplo alifungua sehemu ya skrini, akaingia kwenye mipangilio yake ya ndani zaidi, na hapo palipokuwa pameandikwa 60 peke yake pakatokea orodha: 60, 100, 120. Akachagua 120. Kijana akaendesha gari lake hadi kwenye kona, na safari hii miti ilipita taratibu mmoja baada ya mwingine. Hakuna shilingi iliyokuwa imetumika.

"Na mia moja arobaini na nne iko wapi?" baba aliuliza, lakini sasa aliuliza kama mtu anayetaka kujua, si kama anayeshitaki.

Koplo akafungua kijitabu kilichokuja na kioo, ambacho hakuna aliyekuwa amekisoma. Kiliandika wazi kwamba tundu la HDMI la kioo kile lina mwisho wa hezi 120, na kwamba 144 hupatikana kwa tundu la DisplayPort tu. Lilikuwa tundu la toleo la 1.4, lililotolewa mwaka 2009. Toleo la 2.0, la mwaka 2013, lingaliweza kupitisha 144 kwa picha ya ukubwa ule bila taabu. Duka halikudanganya, wala kijana hakuharibu kitu. Picha zilikuwa zimepitishwa mlango usiowatosha.

Ndipo kijana alipoitoa adapta kutoka mafichoni na kuiweka mezani. Koplo aliigeuza mkononi, akamwonyesha maandishi madogo. Adapta za namna ile zina upande wa kuingilia na upande wa kutokea. Hiyo ilitengenezwa kupokea picha kutoka kompyuta yenye DisplayPort na kuzipeleka kwenye kioo chenye HDMI. Kijana aliitaka irudi kinyume, nayo haiwezi. "Hukuharibu kitu," koplo alimwambia. "Ila ungeuliza kwanza." Kisha akamwonyesha, ubavuni mwa kompyuta, tundu dogo la USB-C lenye alama ya herufi D na P zilizounganishwa. Si kila tundu la USB-C hutoa picha, lakini lenye alama ile hutoa. Waya mmoja wa kutoka hapo hadi DisplayPort ya kioo ungetosha.

Koplo hakuwaficha na jambo la mwisho. Tofauti baina ya 60 na 120 huonekana na kila jicho, ila kati ya 120 na 144 ni ndogo, kwa kuwa ni milisekunde moja na nusu hivi kwa kila picha. Tena kioo hakitungi picha. Chipu ikitengeneza picha 80 kwa sekunde, kioo cha hezi 144 hakitaonyesha picha mpya zaidi ya hizo. Hapo yafaa kupunguza vivuli na mapambo ya mchezo ili chipu ipumue. Mwenye haraka na fedha angeweza kukaa na 120 bila kupungukiwa.

Jumamosi ilipofika, baba alivaa nguo za kiraia, akamwambia kijana ajitayarishe kwa safari ya mjini. Kioo kilibaki mezani. Njiani, ndani ya basi, kijana alieleza jinsi alivyoijaribu adapta usiku ule, na jinsi alivyoogopa kusema. Baba naye alieleza habari za barabara za Somalia, ambazo hakuwa amemwambia mtu yeyote nyumbani. Waya waliupata, na bei yake ilikuwa ndogo kuliko ya bati moja.

Nyumba nyingi za askari hukaa na watu wake mbali mbali kwa miezi na miaka. Mtu anaporudi, kila mmoja huwa yupo, mzima, na bado mambo hayaendi. Na ni rahisi kudhani kwamba mmoja kati ya hao ndiye aliyeharibika. Koplo wa mawasiliano hufundishwa kuufuata waya kabla ya kulitupa sanduku. Jioni ile kiti kilivutwa tena, lakini hakikuwekwa nyuma. Kiliwekwa kando, na usukani alikuwa nao baba.