Maandalio ya Safari ya Kondoa

Ndugu wasomaji, walimu wenzangu wameniomba niandike habari ya safari tunayoiandaa, nami nimekubali, ingawa safari yenyewe bado haijafanyika. Desturi ni mtu kuandika habari za safari akiisha kurudi. Lakini maandalio ya safari hii yamenisumbua moyo kuliko safari zote nilizopata kwenda, basi nimeona heri niyaeleze mapema.

Tarehe 9 Mei, mwaka 2026, itatimia miaka 110 tangu usiku ule Wadachi walipowashambulia Makaburu katika vilima vya Kondoa-Irangi. Sisi walimu watatu wa shule moja iliyo kando ya mji wa Dodoma tuliazimia kuwachukua wanafunzi wa darasa la sita, wapate kusimama mahali pale siku ile ile. Hakuna aliyetualika, mwaliko tumejiandikia wenyewe. Tena siku hiyo ni Jumamosi, kwa hiyo hakuna kipindi kitakachopotea, na mwalimu mkuu alipolisikia hilo alitia sahihi upesi.

Kwa wale wasiozijua habari hizi, nitazisimulia kwa kifupi. Katika mwezi wa Aprili 1916 jeshi la Jenerali van Deventer, ambalo wengi wake walikuwa Makaburu wapanda farasi kutoka Afrika ya Kusini, lilitoka upande wa Arusha likashuka mpaka Kondoa, likautwaa mji. Mvua za masika mwaka ule zilinyesha kwa nguvu mno. Njia zikawa matope, magari yakakwama, na farasi wakafa kwa mamia, hata jeshi lililoingia Kondoa kwa fahari likajikuta limekatiwa njia ya chakula nyuma yake. Kilichofika kilifika juu ya vichwa vya wapagazi, mwendo wa siku nyingi katika maji. Wakati huo mkubwa wa jeshi la Wadachi, Kanali von Lettow-Vorbeck, aliwapakia watu wake katika gari la moshi akawaleta mpaka Dodoma, kwa kuwa reli ilikuwa imekwisha kupita hapa tangu 1910. Na kutoka Dodoma wakaenda kaskazini kwa miguu. Usiku wa tarehe 9 Mei waliwashambulia Makaburu mara nne, tangu baada ya jua kutua hata karibu na alfajiri, nao hawakuweza kuwaondoa katika vilima vyao. Baada ya hapo majeshi mawili yalikaa yakitazamana na kupigana mizinga mpaka mwisho wa mwezi wa Juni. Wadachi wakarudi nyuma, na tarehe 29 Julai 1916 Makaburu wakaingia Dodoma.

Hayo ndiyo niliyowaandikia watoto ubaoni, nao wakayanakili vizuri.

Kisha tukaanza hesabu. Siku hizi njia ya Kondoa ni lami tupu, kupita Makutupora na Mayamaya na Chemba, yapata kilomita 160, na mtu aliyetoka Dodoma asubuhi hufika kabla ya chakula cha mchana. Tulikodi basi dogo la watu 30. Watoto ni 26, walimu watatu, ikabaki nafasi moja. Kila mtoto atatoa shilingi 15,000, na upungufu tutaujaza sisi walimu. Mwenzetu mmoja anayefundisha Kondoa ametuahidi vyumba viwili vya madarasa vya kulala, na maji ya chemchemi ya mji ule, ambayo sifa zake zimeenea mbali. Mwalimu wa kike aliye pamoja nasi alisimamia habari ya chakula, naye aliikataa kabisa shauri yangu ya mikate mikavu. Akasema mtoto wa Kigogo hasafiri bila ugali. Sikubishana naye.

Palipokuwa pagumu ni katika mkutano wa wazazi. Nilisimama nikaeleza yote kwa madaha, na mizinga na farasi na tarehe zake. Nilipokwisha, mzee mmoja mwenye mjukuu katika darasa langu akainuka polepole, akasema, “Mwalimu, nakushukuru. Lakini niulize jambo moja. Mdachi na Kaburu walipigania nchi isiyokuwa ya hata mmoja wao. Mjukuu wangu anakwenda kule kumlilia nani?”

Watu wakacheka kidogo, kisha wakanyamaza wakinitazama. Sikuwa na jibu. Nikasema nitalileta katika mkutano ujao, nikaketi.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Mvumi kumwona bibi yangu, mama yake mama. Umri wake wapita miaka 90. Macho yamepungua, lakini masikio na ulimi ni vya msichana. Nilimsalimu, nikampa sukari na majani ya chai, nikamweleza habari ya safari. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, “Mjukuu wangu, mnakwenda mbali kutafuta vita. Vita vilikuwa hapa uani.”

Ndipo akanieleza mambo ambayo mimi, mwalimu wa historia, sikupata kuyasikia katika nyumba yetu wenyewe.

Babu yake alitwaliwa na Wadachi kuchukua mizigo wakati ule ule askari walipokuwa wakishuka garini Dodoma kwenda Kondoa. Hakwenda kwa hiari wala hakuandikwa kama askari. Alifungwa kamba pamoja na wenzake kumi wa kijiji chake, wakatwikwa masanduku, wakaondoka. Wawili walirudi. Wakasema walimwacha njiani akiharisha damu, chini ya mbuyu, wala hawakumbuki ni mbuyu upi. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kuchukuliwa kwa chakula cha jeshi, na nafaka pia. Makaburu na Waingereza walipoingia, watu walidhani wamepumua, kumbe nao walitaka ng'ombe, nafaka na wapagazi. Kisha mvua ikakosekana.

Njaa iliyofuata, tangu 1917 hata 1920, Wagogo waliiita Mtunya, yaani kunyang'anyana. Inakadiriwa kwamba watu 30,000 walikufa katika Ugogo, mmoja katika kila watano. Mwalimu mwenzetu wa zamani, Mzee Ernest Kongola, aliyekusanya habari za koo za Wagogo na kuziandika, hakuiacha njaa hii, wala hakuna mzee wa Ugogo aliyeweza kuiacha. Na mwishoni mwa 1918, watu wakiwa mifupa mitupu, ugonjwa wa mafua makali uliokuwa ukizunguka dunia nzima ukawafikia.

Mama yake bibi alikuwa mtoto wa miaka saba hivi. Alikuwa na dada yake mkubwa, wa miaka kumi na miwili. Mama yao, mjane yule, aliwachukua wote wawili akaelekea kaskazini, upande wa Irangi, kwa kuwa alisikia kule milimani bado kuna mtama. Wakafika kwa mtu mmoja mwenye ghala. Mtu yule hakuwa mbaya, asema bibi, wala hakuwa mwema. Alikuwa na watoto wake wa kulisha. Akampa yule mama pishi kadha za mtama, naye akamwacha binti mkubwa kuwa rehani. Akaahidi kurudi kumkomboa mvua zikinyesha.

Mvua zilinyesha. Alilima, akavuna, akajitwika mtama akarudi kule milimani. Wakamwambia binti amekwisha kuolewa, tena mbali. Akautua mzigo, akalia, akajitwika tena akarudi nao nyumbani. Mtama ule, bibi asema, hawakuula. Waliuweka kuwa mbegu, na mbegu zake zilipandwa kila mwaka katika shamba lile, hata bibi mwenyewe alizikuta.

“Huyo ni mama yangu mkubwa,” akaniambia. “Sikumwona kamwe. Watoto wake, kama walikuwako, ni ndugu zangu. Wewe una basi. Nenda ukaulize.”

Ndugu wasomaji, nilirudi Dodoma nikiwa na fundo moyoni. Mimi ni mtu wa tarehe na ramani. Nilikuwa nimepanga kuwaonyesha watoto wapi mizinga iliwekwa. Sasa natakiwa nikaulize habari za msichana aliyeachwa kwa pishi za mtama miaka zaidi ya mia iliyopita, katika mlango wa watu nisiowajua. Wakiniuliza kwa nini ninyi hamkuja mapema, niseme nini? Na je, wakiwa hawataki kujulishwa kwamba bibi yao aliingia nyumbani mwao kwa njia hiyo? Mambo haya husemwa kwa shida hata kati ya ndugu. Nimelala usiku kadha bila kupata njia nzuri ya kuanza maneno hayo, na mpaka leo sijaipata.

Lakini swali la yule mzee niliweza kulijibu. Katika mkutano wa pili niliwaambia wazazi hivi. Katika Dar es Salaam iko sanamu ya askari, iliyosimamishwa mwaka 1927, ameshika bunduki yake. Katika Nairobi ziko sanamu tatu pamoja, na mmoja wao ni mpagazi. Hapa Dodoma pia yako makaburi ya askari wa vita ile yanayotunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Tume hiyo mwaka 2021 ilitangaza matokeo ya uchunguzi wake yenyewe, ikaomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na labda hata 350,000, waliokufa katika kazi ya Dola ya Waingereza wakati wa vita ile, hawakuandikwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa watu wa Afrika ya Mashariki na Misri, na hasa wapagazi. Kwa wapagazi mara nyingi hata orodha ya majina haikutunzwa. Na hao ni wa upande mmoja tu; waliochukua mizigo ya Wadachi, kama yule babu wa bibi yangu, hawamo hata katika hesabu hiyo. Jina la Kariakoo, ambalo kila mtu hulitaja akienda kununua vitu, limetokana na jeshi la wapagazi, na wanunuzi hawajui.

Nikasema, “Basi, mzee wangu, mjukuu wako anakwenda kumlilia babu yake mwenyewe, ikiwa wewe utampa jina.”

Yule mzee alikaa kimya kitambo. Kisha akataja jina, pale pale mkutanoni, nami nikaliandika. Mama mmoja akataja lingine. Tukawaagiza watoto wote waulize nyumbani. Mpaka leo daftari lina majina 14, na mengine si majina kamili: mmoja ameandikwa “kaka yake nyanya, aliyekuwa na kovu shavuni”, mwingine “aliyekuwa akiimba”. Tutayasoma yote kama yalivyo. Mtoto mmoja aliniletea majina mawili ya walimu wa misheni, wa ukoo wake, waliokamatwa na Wadachi kwa kushitakiwa kwamba wawapasha Waingereza habari, wakafungwa pamoja na walimu wengine na kupelekwa Tabora. Hao hawakuwa wapagazi, lakini sikuthubutu kuwakataa. Mwalimu aliyefungwa kwa sababu ya kujua kusoma na kuandika ana haki ya kuwamo katika daftari langu.

Kwa hiyo shauri la safari limebadilika. Tutaondoka Ijumaa mchana badala ya Jumamosi alfajiri. Njiani tutasimama mara moja, baada ya Mayamaya, penye mibuyu, watoto washuke watembee kilomita tatu kwa miguu, kila mmoja na mzigo wake kichwani, chakula na matandiko. Dereva amesema hili ni jambo la ajabu, kumlipa mtu wa basi kisha kutembea. Nimemwambia atufuate polepole. Jumamosi asubuhi tutakwenda katika vilima vilivyo kusini ya mji. Nitaeleza mambo ya vita kwa robo saa, si zaidi, na majina yatasomwa na watoto wenyewe. Jioni nitaachana nao, niende na yule mwalimu wa Kondoa kuuliza katika vijiji vya milimani. Ameniandikia kwamba amekwisha kuongea na wazee wawili. Mmoja hakujua neno. Wa pili alimwuliza kwanza, “Hao Wagogo wanataka nini?” Naye akamjibu kwamba hawataki kitu, wana mzigo wa kuleta.

Mzigo huo uko hapa chumbani mwangu ninapoandika, pembeni mwa mlango: pishi nne za mtama katika kiroba, kutoka Mvumi. Bibi mwenyewe aliupepeta. Nilipokwenda kuuchukua nilimwambia apumzike, mimi nitaufikisha salama. Akaniuliza basi lina nafasi ngapi. Nikamwambia 30, na sisi tu 29. Akaniuliza tena kama nafasi hiyo iliyobaki ina mtu.

Nilimweleza urefu wa njia, na baridi ya Kondoa usiku, na kwamba tutalala sakafuni. Mama yangu naye alimsihi. Alitusikiliza sote mpaka mwisho, kama ilivyo tabia yake, kisha akaagiza kanga yake nzuri ifuliwe. Nimekwisha kuandika jina lake katika orodha ya dereva, kiti cha mbele, karibu na mlango.