Seva ya Chini ya Meza

Hadi mwaka 2011, mtu yeyote aliyetaka Ubuntu, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, aliweza kuuagiza bure. Ulijaza jina na anwani yako, na kampuni ya Mark Shuttleworth, yule tajiri wa Afrika Kusini, ikakutumia CD kwa posta. Ndivyo programu huria zilivyotufikia baadhi yetu Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda: ndani ya bahasha, kwenye sanduku la posta. Intaneti ya mjini ilikuwa ya kafe, unalipia dakika, na aliyesema anataka kupakua megabaiti 700 alichekwa.

Nilikuwa mwalimu wa kompyuta, kiguu na njia kati ya Arua na Koboko, maana shule zenye mashine zilikuwa chache na mafundi wachache zaidi. Mashine zenyewe zilikuwa mitumba ya maofisi ya Ulaya, na skrini zao za mgongo mkubwa. Karibu zote zilikuwa na Windows ya kunakili, na virusi tele. Mwanafunzi anachomeka flashi, folda hazifunguki, kipindi kinaisha tungali tunasafisha. Juu ya hayo, vumbi. Barabara ya Koboko kupitia Maracha ilikuwa haijatiwa lami, na ukifungua kasha la kompyuta ungedhani imechimbwa ardhini. Tulibeba brashi ya rangi pamoja na bisibisi.

Edubuntu, yaani Ubuntu iliyotengenezwa kwa ajili ya shule, ilianza kutolewa mwaka 2005. Ndani yake mlikuwa na programu iitwayo LTSP, na hiyo ndiyo iliyotugeuzia mambo. Unachukua kompyuta moja yenye nguvu, unaiweka chini ya meza ya mwalimu, inakuwa seva. Zile kuukuu unaziunganisha nayo kwa waya. Hata ukizing'oa diski zinawaka, kwa sababu kila kitu zinakiomba kwa seva. Mtoto anakaa popote, anaandika jina lake na nywila, anakuta kazi yake ya juma lililopita. Virusi vya Windows vikija na flashi havina pa kushika. Mashine tulizokuwa tumeziweka stoo zingoje kutupwa zikarudi darasani.

Tatizo likabaki moja, stima. West Nile, eneo letu, haikuwa kwenye gridi ya taifa. WENRECo, kampuni ya umeme ya huko, ilianza kazi mwaka 2003, lakini mtambo wa maji wa Nyagak, wa megawati 3.5, ulianza kutoa umeme mwaka 2012 tu. Kabla ya hapo Arua ilipata umeme kwa saa, na shule za Koboko nilizozijua zilitegemea jenereta na sola. Darasa la mashine zenye diski linaweza kuzimika ghafla usipoteze kitu kikubwa; seva ikizimika ghafla, faili za shule nzima zimo hatarini. Katika shule moja mwangalizi wetu wa mafuta alikuwa askari wa lango, mzee aliyewahi kuwa jeshini, na Kiswahili chake cha kambini kilikuwa kinatiririka kuliko changu. Alikuwa akipiga dirisha: "Mwalimu, mafuta imebaki kidogo! Lalisha ile mkubwa!" Ninaacha kufundisha, naizima seva taratibu. Siku ambazo mzee hakuwepo, asubuhi tulitazama mistari myeupe ikipanda kwenye skrini nyeusi, seva ikijikagua diski, darasa zima limenyamaza kana kwamba matokeo ya mtihani wa taifa wa UNEB yanasomwa.

Wazazi walikuwa wagumu kuliko stima. Rahisi huvunja upishi, na wao waliona kitu cha bure hakiwezi kuwa kizuri. Mwalimu mkuu mmoja aliniuliza, "Sasa hii kitu isiyo na Windows, watoto watapata kazi wapi nayo?" Swali halikuwa la kijinga. Somo la ICT lilipoingizwa kwenye masomo ya ziada ya kidato cha juu miaka ya 2012 na 2013, kila mtu aliwaza mtihani wa vitendo. Kuandika barua na kupanga hesabu, LibreOffice ilitosha kabisa. Hifadhidata ndiyo iliyotutoa jasho, kwa kuwa vitabu vilivyokuwepo vilieleza Access ya Microsoft hatua kwa hatua. Tukaacha mashine chache na Windows kwa ajili ya watahiniwa. Wenye msimamo mkali wa programu huria watanichukia. Mimi sikuwa na kanisa, nilikuwa na watahiniwa.

Kazi ya seva ikabadilika tena. Mwisho wa 2012 ilitoka KA Lite, iliyobeba video za Khan Academy bila intaneti. Baadaye Kolibri ikachukua nafasi yake. Kiwix ilituletea Wikipedia nzima ndani ya diski. Mtu akitoka Kampala, karibu kilomita 500, diski inasafiri naye kwenye basi la usiku, imefungwa ndani ya sweta. Hata Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya kutosha kiganjani, iliweza kuhudumia darasa kwa umeme wa sola. Serikali ilipoamua mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni, Wikipedia ya Kiswahili, ambayo tulikuwa tumeiweka kwa mapenzi tu, ikaanza kutafutwa na walimu wenyewe.

Kati ya Machi 2020 na Januari 2022 shule zilifungwa, kikamilifu au kwa sehemu, kwa sababu ya korona. Tuliporudi, betri ndogo za saa zilikuwa zimekufa, seva zikidhani ni miaka mingi iliyopita, na mchwa walikuwa wameonja nyaya. Hayo yalitengenezeka kwa betri na nyaya za sokoni Arua.

Kisichotengenezeka kwa pesa ndogo ni hiki. Mwalimu wa serikali huhamishwa. Katika shule moja fundi wetu alipelekwa wilaya nyingine, nywila ya seva akaondoka nayo kichwani, na aliyefuata, akiwa na haraka, alifuta kila kitu akaweka Windows ya kunakili. Kazi za wanafunzi zikaenda, virusi vikarudi. Leo gridi ya taifa imefika, lami imefika Koboko, simu zina kasi, lakini bando bado linatozwa kodi ya asilimia 12 tangu 2021, na seva ya chini ya meza bado ina kazi.

Basi mwalimu mkuu unayesoma haya, kabla hujaomba kompyuta nyingine kwa mfadhili, uliza ni nani wa pili anayejua kuiendesha seva uliyo nayo. Kama hayupo, mfundishe mmoja muhula huu, na nywila iandikwe, itiwe kwenye bahasha, ikae katika kabati la ofisi yako.