Mtoto aliyeruka na turubai, na mambo niliyojifunza juu ya kutua

Leo sileti habari ya mkutano wala ya bei ya makaa. Nina habari ya nyumbani kwangu, na sehemu ya kosa ni yangu.

Katika parseli yetu hapa Bigo tunakaa na familia moja iliyotoka Djugu, mama na watoto wake 4. Nyumba yetu ni ndogo, kwa hiyo walijijengea kibanda nyuma ya jiko, miti na turubai, lile tunaita bashi. Walilipewa siku walipoandikishwa. Lina mita 4 kwa 5, na kwao ndilo paa, ndilo ukuta.

Mtoto wa pili ni kijana wa miaka 10, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kuuliza. Jioni moja, umeme wa simu ukiwa bado upo, nilimwonyesha video ya watu wanaoruka toka ndege. Walikuwa wanaanguka kama mawe, halafu parasuti inafunguka, wanashuka pole pole, wanasimama kwa miguu yao na kucheka. Akaniomba nirudishe tena. Nikarudisha mara 3. Nilifikiri ninamfurahisha tu.

Wiki moja baadaye mama yake alishusha turubai ili abadilishe miti iliyoliwa na mchwa. Alipoenda kuchota maji, kijana akafunga kamba kwenye pembe 4, akajifunga kifuani, akapanda juu ya ukuta wa nyumba ya jirani ambayo haijamalizika. Ukuta ule una mita 3. Wadogo zake walikuwa chini wanahesabu. Walipofika 3, akaruka.

Niliposikia kelele nilikimbia. Mguu wa kushoto ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi, na turubai lilikuwa limenasa kwenye msumari, limepasuka toka pembe moja hadi katikati. Kwenye kituo cha afya walisema ni mfupa wa chini ya goti. Mguu ukafungwa plasta. Usiku ule ule mvua ikanyesha, na familia nzima ikalala katika sebule yetu, watu 11 chini ya paa moja.

Mama yake hakunilaumu. Hilo liliniumiza kuliko kulaumiwa. Lakini kijana, akiwa amelazwa juu ya mkeka, aliniuliza: «Papa, kwa nini yangu haikufunguka?» Sikuwa na jibu. Ndipo nikaanza kutafuta.

Kwanza nilikwenda kwa mzee mmoja wa kartie yetu, askari wa zamani wa wakati wa Zaire, aliyewahi kuruka kwa parasuti jeshini. Nilimkuta anapanda maharage. Nilipomweleza, hakucheka. Aliuliza tu: «Ukuta ulikuwa na urefu gani?» Nikamwambia mita 3. Akatikisa kichwa: «Parasuti inakula hewa kwanza, ndipo inakubeba. Kwa mita 3 haijaanza hata kula.»

Baadaye nilikaa na kalamu nikahesabu. Mtu anayeanguka mita 3 anafika chini kabla sekunde 1 haijaisha, na anagonga udongo kwa kasi ya karibu kilomita 28 kwa saa, kama mwendo wa pikipiki kwenye barabara yetu. Askari wanaoruka hufungua wakiwa mamia ya mita juu, na parasuti yao hutumia makumi ya mita kabla ya kujaa vizuri. Hakuna ukuta, mti wala paa la kanisa hapa Bunia lenye urefu huo.

Jambo la pili ni ukubwa. Parasuti ya duara ya jeshi, ile ya Kimarekani inayoitwa T-10 iliyotumika pia katika nchi yetu, ikitandazwa ina upana wa zaidi ya mita 10, yaani karibu mita 90 za mraba. Turubai la mtoto wetu lina mita 20 tu. Tena parasuti imeshonwa kwa vipande vingi na ina kamba nyingi kuzunguka ukingo wake, ili kila upande ubebe sehemu yake. Kamba 4 kwenye pembe 4 za plastiki zinavuta mahali 4 tu, na hapo ndipo inapasuka.

Basi, hata parasuti ile kubwa haimshushi mtu kama unyoya. Mzee aliniambia kwamba kutua kwa parasuti ya duara ni sawa na kuruka toka ukuta unaokupita kichwa kidogo. Kwa sababu hiyo askari hufundishwa kuanguka chini siku nyingi kabla hawajaona mlango wa ndege. Aliweka jembe pembeni akanionyesha pale pale shambani: miguu pamoja, magoti pamoja na yamekunjwa kidogo, kidevu kifuani, mikono isitangulie kushika udongo. Ukigusa chini usijikaze usimame. Jiachilie upande mmoja, nyayo, ndama ya mguu, paja, tako, halafu mgongo, ili pigo ligawanyike mwilini lisibaki kwenye mfupa mmoja. Mzee ana miaka mingi, lakini alilala na kuinuka kati ya maharage kama kijana.

Pili, nilimuuliza shemeji yangu anayefanya kazi pwani ya Kenya, karibu na Diani. Kule watu huruka kwa kujifurahisha toka zaidi ya mita 3,000 na kutua kwenye mchanga kando ya bahari. Alinitumia sauti nyingi kwa WhatsApp. Jioni, anasema, wale waliozoea kuruka wakikaa pamoja kunywa kitu, hawazungumzi sana juu ya kuanguka. Wanazungumza juu ya kutua, na juu ya parasuti ipi inamfaa nani.

Parasuti zao si za duara. Ni za mstatili kama bawa, zenye vyumba vinavyojaa hewa, na mtu huziongoza kwa mikono miwili. Akivuta zote mbili karibu na ardhi, bawa linapunguza mwendo na yeye anashuka kwa hatua. Lakini bawa dogo linakwenda mbio na linageuka kwa ukali, bawa kubwa linasamehe makosa. Kwa hiyo mgeni hupewa kubwa. Kipimo kinachotumika na wengi kwa asiye na uzoefu ni kisizidi pauni 1 ya uzito kwa futi 1 ya mraba, sawa na karibu kilo 5 kwa kila mita 1 ya mraba. Mtu mwenye kilo 80 pamoja na vyombo vyake asipewe chini ya mita 16 za mraba, na mwanafunzi hupewa zaidi, 20 na kuendelea. Kila mmoja hubeba pia parasuti ya pili ya akiba mgongoni.

Shemeji anasema ugomvi wao mkubwa ni huo. Kuna kijana ameruka mara kadhaa, anaona aibu kubeba parasuti ya wanafunzi, anataka ndogo ya kupendeza. Wakubwa wanamkatalia. Wanajua kwamba siku hizi sehemu kubwa ya walioumia na waliokufa katika mchezo huo, parasuti yao ilikuwa imefunguka vizuri kabisa. Waligeuka kwa nguvu karibu mno na ardhi, au walichelewa kuchagua pa kutua. Hewa yetu pia ingewadai zaidi: Bunia iko juu, zaidi ya mita 1,200, hewa ni nyepesi kuliko ya baharini, na parasuti ile ile ingeshuka hapa kwa kasi zaidi kidogo kuliko Diani.

Nilipomweleza kijana haya yote, alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea. Hakuruka kwa mchezo tu. Alikuwa amesikia mama yake akisema kwamba mihogo yao imekomaa kule kijijini na hakuna njia ya kwenda, barabara haina usalama. «Mtu wa parasuti hahitaji barabara,» akasema. «Ndege ingetuachilia juu ya shamba, tungechimba, tungerudi.» Mama yake aliinuka akatoka nje.

Nilimpelekea mzee maneno hayo. Alikaa kimya kidogo, kisha akanikumbusha historia ambayo sisi wa Provinsi ya Mashariki ya zamani tunaijua nusu nusu. Tarehe 24 mwezi wa 11 mwaka 1964, alfajiri, makomando wa Ubelgiji waliruka juu ya uwanja wa ndege wa Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, toka ndege za Wamarekani, kwa ajili ya mateka walioshikwa na Wasimba. Siku 2 baadaye wakaruka Paulis, tunayoiita Isiro. Mateka wengi waliokolewa, wengine waliuawa asubuhi ile ile kabla askari hawajawafikia, na raia wetu wengi walikufa katika vita vile. Wazee wengine wa huku wakisikia neno «para» hadi leo wanatazama juu. Mwaka 1978 askari wa Ufaransa waliruka Kolwezi, nao walitumia parasuti za jeshi la Zaire ambazo hawakuzizoea, kwa sababu zao hawakuja nazo.

«Hata hao,» mzee alisema, «hawakuruka popote. Stanleyville waliutafuta uwanja wa ndege, mahali peupe. Kabla ya kuruka unauliza mambo 3. Upepo unatoka wapi? Chini kuna nini? Nani yuko pale? Kama hujui la tatu, parasuti nzuri inakupeleka tu pole pole kwenye hatari.»

Aliongeza kwamba Bunia wenyewe tuliona mwaka 2003, mwezi wa 6, wakati askari wa Ulaya walipokuja baada ya mapigano ya mwezi wa 5. Nao waliingia kupitia uwanja wetu wa ndege, kwa sababu ndege ilikuwa na mahali pa kutua.

Nimekaa na maneno hayo siku nyingi. Watu huuliza wahami wa vita: mutarudi lini? Wanauliza kama vile kazi yote ni kuondoka Bunia. Mama wa parseli yetu anajua njia ya kwao hata usiku. Asichojua ni nani yuko chini, kama shamba liko salama, kama nyumba bado ina mlango. Mwanawe alifikiri shida ni barabara. Mama anajua shida ni mahali pa kuweka miguu. Nawaomba wote wanaopanga habari za kurudi, wakubwa wa mji na wa mashirika, wawajibu kwanza hilo.

Sasa nimalizie kwa mambo ya hapa nyumbani, maana watoto wa Bigo wameshaanza kumwiga.

Wazazi, musiwaache watoto wapande kuta na paa na turubai, mwavuli au shuka. Hakuna kitambaa kitakachofunguka kwa urefu huo. Nasi wenye simu, tukiwaonyesha video kama ile, tuwaeleze hapo hapo. Mimi sikufanya hivyo.

Mukitaka wacheze, kuna njia. Chukueni sashe nyepesi ya plastiki, mufunge nyuzi 4 za urefu sawa, chini mutundike kijiwe. Mutoboe tundu dogo katikati ya sashe: hewa itatokea pale na parasuti haitayumba sana. Waijaribu kubwa na ndogo kwa jiwe lile lile, waone wenyewe ipi inashuka pole. Kijiwe kiruke, mtoto abaki chini.

Na mtoto akianguka, mguu ukivimba au ukipinda, musiuvute na musiukande, hata kama jirani anajua sana kukanda. Fungeni mguu pamoja na kijiti kilichonyooka au na mguu mwingine, usitikisike, mukampeleke kituo cha afya. Kama ni shingo au mgongo unauma, musimwinue ovyo. Mulaze kwenye ubao, watu kadhaa mumbebe kwa pamoja.

Turubai lilishonwa na fundi wa viatu. Linavuja kwenye mshono, tumewekea kipande cha bati juu yake. Plasta bado iko mguuni. Jana jioni nilimkuta kijana amekaa mbele ya kibanda na wadogo zake, wamezunguka sashe 2, moja kubwa na moja ndogo. Alikuwa anawafundisha kuangalia upepo kwanza.